Maua ya Mlangoni

Mkulima mwenye shamba dogo huipima ardhi yake kwa hatua. Akimwona mkewe anatenga tuta la maua kando ya njia iendayo mlangoni, huuliza, "Je, haya yataliwa?" Jirani naye huongeza ile methali isemayo kwamba nyumba njema si mlango. Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Katika Uingereza, mwezi wa Agosti na Septemba, majira ya joto yanapokaribia kwisha, bustani nyingi za nyumbani hupambwa na dalia, zinia, kosmosi na tageti, lile ua la rangi ya machungwa lenye harufu kali. Watu hutoka jioni baada ya kazi wakayatazama, kwa kuwa wajua siku zilizobaki ni chache. Jalidi ya kwanza ikianguka, dalia huwa nyeusi kwa usiku mmoja.

Lakini maua hayo si wenyeji wa Uingereza. Asili yake ni Meksiko na nchi zilizo karibu nayo. Dalia ilifika Madrid, Hispania, mwaka 1789, na mwaka 1791 mtaalamu wa mimea Antonio José Cavanilles akaipa jina kwa kumheshimu Anders Dahl wa Uswidi. Mwaka 1963 Meksiko iliitangaza dalia kuwa ua la taifa.

Kwa nini maua haya huchelewa huko Ulaya? Mwaka 1920 wataalamu wawili wa Marekani, W. W. Garner na H. A. Allard, walieleza kwamba mimea mingi huongozwa na urefu wa mchana na usiku. Mjini London, usiku wa mwezi wa Juni hauzidi saa nane; mwishoni mwa Septemba hufika karibu saa kumi na mbili. Mengi ya maua ya Meksiko huharakisha kuchanua usiku unaporefuka.

Nchi ya Kenya hupitiwa na mstari wa ikweta, na usiku wake ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Kwa hiyo katika nyanda za juu maua haya hayana haja ya kungoja usiku urefuke. Hungoja mvua, au debe la maji kutoka kisimani.

Kazi yake si kubwa. Maua yaliyonyauka yakatwe, ili mmea usitumie nguvu zake kufanya mbegu bali uchanue tena. Machache yaachwe yakauke, na mbegu zake zihifadhiwe katika karatasi mahali pakavu. Dalia ina viazi chini ya ardhi. Anayetaka kuvigawa aangalie kila kipande kiwe na sehemu ya shina la zamani yenye jicho, la sivyo hakitachipua.

Sasa turudi kwa mkulima na swali lake. Nyuki wanaovutwa na kosmosi na zinia zenye ua la wazi hupita pia katika maboga na matango, ambayo bila wadudu hao hayazai vema. Tena aina fulani za tageti, zikipandwa kwa kusongamana msimu mzima, hupunguza minyoo midogo sana ya udongoni inayoharibu mizizi ya nyanya. Na ukanda wa hatua moja kando ya njia hauondoi gunia la mahindi.

Hata kama yasingekuwa na faida hizo, maua yangestahili mahali pake. Mtu arudiye na jembe begani, au karani ashukaye basi akiwa amechoka kwa hesabu za watu wengine, hufika mlangoni pake akaona kitu kilichopandwa kwa ajili ya kumfurahisha yeye na watoto wake. Nyumba njema si mlango, ni kweli. Lakini kila aingiaye ndani hupita hapo kwanza.