Urembo au Tiba? Idhini ya Bima kwa Upasuaji wa Kupunguza Unene katika Mwambao wa Malindi na Kilifi

Utangulizi

Mjini Malindi, kumwambia mtu kuwa amenawiri ni kumsifu. Kwa muda mrefu mwili mnene umehesabiwa katika mwambao wa Pwani kuwa ishara ya shibe, utulivu wa moyo na matunzo mema. Mtu akikonda, majirani huulizana kama anaumwa. Hata hivyo, sifa hiyo inapofika katika ofisi ya bima hugeuka kuwa kizingiti, kwani anayeomba kugharimiwa upasuaji wa kupunguza unene hutakiwa athibitishe kwamba unene wake ni maradhi wala si suala la sura. Makala haya yanafafanua jinsi idhini hiyo inavyoombwa, kwa nini ombi hukataliwa, na haki alizo nazo mgonjwa baada ya kukataliwa.

Mzigo wa pande mbili

Kaunti ya Kilifi, ambayo Malindi ni sehemu yake, inajulikana zaidi kwa upungufu wa lishe kuliko kwa unene. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, watoto 37 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano katika kaunti hiyo walikuwa wamedumaa. Papo hapo, tafiti za aina hiyo zilionesha kwamba wanawake wa Kenya wenye uzito uliozidi kiasi walikuwa asilimia 25 mnamo 2008-2009, wakafika asilimia 33 mnamo 2014. Njaa na unene, basi, si mahasimu. Aghalabu hukaa katika kijiji kimoja, na pengine katika nyumba moja.

Kipimo cha unene

Kipimo kinachotumiwa na madaktari na kampuni za bima ni uwiano wa uzito na urefu: kilo za mtu hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Msingi wake uliwekwa na Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji, katika karne ya 19. Uwiano wa 30 na zaidi huitwa unene wa kupindukia.

Mnamo 1991 jopo la wataalamu nchini Marekani lilipendekeza upasuaji kwa mwenye uwiano wa 40 na zaidi, au wa 35 na zaidi iwapo ana maradhi yanayoambatana na unene, kama vile kisukari. Mnamo 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo vililegeza masharti: 35 hata bila maradhi mengine, na 30 kwa mwenye kisukari au maradhi ya jinsi hiyo. Mikataba ya bima haibadiliki kwa kasi ya utabibu, hivyo mwombaji hana budi kujua mkataba wake unafuata mizani ipi.

Mathalani, tuchukulie mwanamke muuza nguo mjini Malindi mwenye urefu wa mita 1.6 na uzito wa kilo 92. Uwiano wake unakaribia 36. Kwa mizani ya 1991, akiwa na kisukari kilichothibitishwa, anastahiki. Kisukari hicho kisipoandikwa popote, hastahiki. Mwili ni uleule. Kilichotofautiana ni karatasi.

Hatua za kuomba idhini

Hatua ya kwanza ni kusoma orodha ya mafao. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya hazina ya taifa ya bima ya hospitali (NHIF) iliyoasisiwa mwaka 1966. Mfanyakazi wa mshahara huchanga asilimia 2.75 ya mapato yake, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Mafao na viwango vya malipo huchapishwa na Serikali, na swali la kwanza ni iwapo upasuaji unaoombwa umo katika orodha hiyo. Kwa bima za kibinafsi, ukurasa wa kusomwa kwanza ni ule wa mambo yasiyogharimiwa, maana matibabu ya kupunguza uzito mara nyingi huwekwa hapo, bega kwa bega na upasuaji wa urembo.

Hatua ya pili ni kukusanya ushahidi. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na muuza nguo wetu anaijua kanuni hiyo dukani kwake. Afya nayo inahitaji daftari: vipimo vya uzito, sukari na shinikizo la damu vyenye tarehe, majina ya dawa zilizotumiwa, na kumbukumbu za juhudi za kupunguza uzito chini ya uangalizi wa daktari au mtaalamu wa lishe. Anayepimwa leo Kilifi, kesho Malindi na mtondo Mombasa bila kuhifadhi karatasi hujikuta hana historia.

Hatua ya tatu ni barua ya daktari. Barua hiyo yapaswa kutaja uwiano, maradhi, tiba zilizoshindwa na aina ya upasuaji, pamoja na hatari za kutotibiwa. Idhini hutakiwa kabla ya upasuaji. Anayetangulia kupasuliwa kisha akaomba kurejeshewa fedha hujitia hatarini mwa kulipa yote mwenyewe.

Tiba si njia ya mkato

Katika aina mojawapo ya upasuaji huo, sehemu kubwa ya tumbo la chakula huondolewa. Katika nyingine, chakula huelekezwa kipite kando ya sehemu ya utumbo. Watafiti wa Uswidi walionesha mnamo 2007 kwamba waliopasuliwa walifariki kwa uchache kuliko wanene waliotibiwa kwa njia za kawaida. Pamoja na hayo, kuna hatari ya kuvuja kwa mshono na kuganda kwa damu, na mgonjwa huhitaji vitamini na uchunguzi wa maisha. Kwa mkazi wa Malindi, gharama hiyo ya baadaye, pamoja na nauli za kumfikia daktari bingwa, yafaa kuulizwa mapema.

Ombi likikataliwa

Kukataliwa si mwisho. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kifungu cha 47 kinampa anayeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sababu hizo ndizo msingi wa rufaa: kama ni upungufu wa hati, huongezwa, kama ombi limeitwa la urembo, daktari hujibu kwa vipimo. Malalamiko dhidi ya kampuni za kibinafsi hupelekwa kwa mamlaka ya serikali inayosimamia bima.

Hitimisho

Ni bayana kuwa hatima ya ombi huning'inia katika uteuzi wa neno moja: urembo au tiba. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini aghalabu fomu na mikataba ya bima huandikwa kwa Kiingereza, na mgonjwa hutia sahihi asichokielewa. Hapa wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ya kufanya: kutafsiri mikataba, kusanifisha istilahi na kuzifikisha zahanati. Mficha uchi hazai, lakini anayetaka kuufichua kwa tabibu na kwa mwenye bima anahitaji kwanza lugha ya kusemea.