Chakula cha Shule: Sahani Imejaa, Lakini Imejaa Nini?

Mwaka 1998, watafiti waliingia katika shule 12 za msingi za Kyeni Kusini, Embu, nchini Kenya, wakiwa na swali ambalo mama yeyote aliyeinjika sufuria angeweza kuliuliza: je, githeri pekee, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, inamtosha mtoto? Shule tatu zilipewa githeri iliyoongezwa mafuta. Tatu zikapewa githeri na maziwa. Tatu nyingine githeri iliyochanganywa na nyama ya ng'ombe ya kusaga. Tatu za mwisho hazikupewa chakula, na familia za watoto wake zikafidiwa mbuzi wa maziwa. Vyakula hivyo vitatu vilipimwa ili vimpe mtoto nguvu sawa, vikagawiwa saa za mapumziko ya asubuhi. Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao, wakawafuatilia watoto hao walioanza darasa la kwanza kwa mihula saba.

Kila kundi lililokula liliongeza uzani kuliko lile lisilopewa kitu. Hilo halikumshangaza mtu. Kilichoshangaza ni yaliyotokea kichwani. Upo mtihani wa Raven, ambao mtoto huonyeshwa mchoro wenye pengo na kutakiwa kuchagua kipande kinacholiziba. Watoto wa githeri yenye nyama waliwapita wenzao wote katika mtihani huo. Katika hesabu, wao na wale wa githeri yenye mafuta waliwashinda wasiolishwa. Maziwa yaliwasaidia kurefuka watoto waliokuwa wafupi tangu mwanzo, lakini kwenye Raven hayakuwabeba. Na katika kuelewa maneno, makundi yote manne yalitoka sare.

Watafiti walitoka pia uwanjani kuwatazama wakicheza. Waliokula nyama walichangamka kuliko wengine: ndio walioanzisha michezo na kuwaongoza wenzao.

Nimeanza na Embu kwa sababu mjadala wetu kuhusu chakula cha shule umezoea kuhesabu sahani. Mwanasiasa anazindua jiko, anavaa aproni, anapakua mbele ya kamera, kisha tunatangaziwa ni watoto wangapi watakula. Idadi ni muhimu. Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ulikadiria kwamba kufikia mwaka 2024 watoto wapatao milioni 466 duniani walikuwa wakipata mlo kupitia mipango ya serikali zao. Lakini mlo wa shule una kazi zaidi ya moja. Unamleta mtoto shuleni, unamwezesha kusikiliza akiwa darasani, na unajenga mwili na ubongo wake kwa miaka. Kila kazi ina masharti yake, na mpango unaweza kufaulu sana katika ya kwanza huku ukianguka katika ya tatu.

Tuanze na njaa ya saa nne asubuhi. Ubongo hula glukosi, na wa mtoto una ulafi wa ajabu. Katika umri wa miaka minne au mitano, ubongo peke yake huchukua zaidi ya asilimia 40 ya nishati yote anayotumia mtoto kwa siku. Akilala usiku kucha, akiba ya sukari iliyo katika ini lake dogo hupungua sana. Akiamka na kutembea kilomita tatu bila kutia kitu kinywani, mwili unaanza kubana matumizi: misuli inalegea, macho yanazubaa, kichwa kinatua juu ya dawati. Mwalimu humwita mvivu. Kumbe mwili wake unafanya hesabu, tena hesabu sahihi.

Hilo huweza kurekebishwa haraka, na kwa chakula cha kawaida. Nchini Jamaica, Christine Powell na wenzake waliwapa watoto wa shule 16 za mashambani kiamsha kinywa kwa mwaka mzima wa masomo. Kundi la ulinganisho lilipewa robo chungwa. Waliokula walihudhuria zaidi, wakaongezeka kidogo kimo na uzani, na wale wadogo wakafanya vyema katika hesabu. Ila utafiti mwingine wa huko huko Jamaica ulionyesha upande wa pili. Pale shule ilipokuwa na nafasi na vifaa, watoto walioshiba walitulia na kufanya kazi. Pale madarasa yalipofurika, shibe iliwapa nguvu ya kupiga soga.

Njaa ya pili haisikiki tumboni. Mtoto anaweza kushiba ugali kila siku na bado akawa na upungufu wa madini ya chuma, zinki au vitamini B12. Chuma hubeba oksijeni kwenye damu, lakini pia hutumika kutengeneza kemikali zinazopeleka ujumbe ndani ya ubongo, na utando wa mafuta unaofunika neva ili ujumbe upite kwa kasi. Kikipungua, umakini huanza kuyumba hata kabla daktari hajasema mtoto hana damu ya kutosha.

Maharage yana chuma cha kutosha ukikipima maabara. Shida ni kwamba nafaka na kunde huwa na fitati, kemikali inayokikamata chuma na zinki tumboni na kuvizuia visifyonzwe, hivyo sehemu kubwa hupita tu. Chuma cha nyama na samaki huja kikiwa katika umbo jingine ambalo utumbo hulipokea kwa urahisi. Vitamini B12 nayo haimo kabisa katika mahindi wala maharage. Huko Embu, kipimo cha damu kilichobadilika waziwazi kwa watoto wa nyama na wa maziwa kilikuwa hicho cha B12. Watafiti hawakukitaja kirutubisho kimoja kuwa ndicho kilichowanoa watoto wa nyama, kwa kuwa nyama huja na vingi kwa pamoja.

Sasa linganisha na kilicho katika sufuria za shule zetu. Kwa miaka mingi mgao uliotumika Kenya umekuwa gramu 150 za nafaka kwa mtoto, gramu 40 za kunde, gramu 5 za mafuta na chumvi kidogo yenye madini ya joto. Kwa shule yenye wanafunzi 400, hiyo ni kilo 60 za mahindi kwa siku, kilo 16 za maharage na kilo mbili za mafuta. Ukipiga hesabu, mtoto anaondoka na takriban kilokalori 700, kama theluthi hivi ya mahitaji yake ya siku. Kwa njaa ya kwanza, mgao huo ni dawa nzuri. Kwa njaa ya pili, mchango wake ni mdogo, na mahindi ya githeri hayapitii kinu kikubwa kinachoongezea unga virutubisho kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo ile kanuni ya mwaka 2012 iliyowalazimu wasagaji kuongeza chuma, zinki na vitamini kwenye unga wa mahindi haimfikii mtoto anayekula punje nzima.

Hata hivyo sipendi kuudharau mgao huo. Anayefanya hivyo hajaona shule ya eneo kame wiki ambayo stoo imekauka. Serikali ya Kenya ilipoondoa karo ya shule za msingi mwaka 2003, watoto walimiminika, lakini karo ilikuwa kizuizi kimoja tu. Kwa mfugaji aliyepoteza mifugo kwa ukame, mlo mmoja wa uhakika shuleni ni sababu tosha ya kumwacha binti aende badala ya kumtuma maji. Wakongwe wanakumbuka Maziwa ya Nyayo, mpango wa kuwapa wanafunzi maziwa ulioanza mwaka 1979 chini ya Rais Daniel arap Moi. Kuna watu wazima na heshima zao ambao bado wanaweza kukueleza umbo la ile pakiti na namna ya kuing'ata pembeni. WFP yenyewe ilianza kulisha shule za Kenya mwaka 1980. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha mpango wake wa kununua chakula kwa wakulima wa nchini, na kufikia 2018 WFP ilikuwa imekabidhi shule zake za mwisho.

Utafiti ninaoupenda zaidi katika suala hili si wa kusifia. Ulifanywa Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, na wachumi Christel Vermeersch na Michael Kremer, huyo Kremer aliyekuja kutuzwa Nobel mwaka 2019. Chekechea 25 zilipewa uji wa asubuhi, 25 nyingine hazikupewa. Mahudhurio katika chekechea za uji yalikuwa juu kwa takriban asilimia 30 kuliko katika zile nyingine. Mtu angetarajia alama nazo zipande. Zilipanda, ila tu pale mwalimu alipokuwa na uzoefu. Kwingineko watoto walikuja, wakanywa uji, wakarudi nyumbani na yale yale waliyokuja nayo.

Sababu zilionekana wazi kwa aliyekaa darasani. Madarasa yalijaa zaidi. Kupanga foleni, kunawa, kupakua na kuosha vikombe kulikula muda wa masomo. Zaidi ya hayo, baadhi ya chekechea zenye uji zilipandisha ada kwa kuwa wazazi sasa walizikimbilia. Chakula cha bure kikazaa gharama nyingine mlangoni.

Neno bure, kwa kweli, huhitaji kutazamwa kwa jicho kali. Hata mahindi yakiletwa na lori la serikali, bado kuna kuni, maji, na mshahara wa mpishi anayefika alfajiri kuwasha moto. Shule nyingi za vijijini huwaambia watoto waje na ukuni au mtungi wa maji, na wazazi hujitoza michango wenyewe katika mkutano. Mzazi asiyeweza kuchanga ndiye huyo huyo ambaye mtoto wake anahitaji mlo kuliko wote. Jijini Nairobi wamechagua njia nyingine. Mpango wa Dishi na County, ulioanza mwaka 2023, unapika katika majiko makubwa kisha chakula kinasambazwa kwa magari hadi shule za umma. Mzazi huchangia shilingi 5 kwa mlo, na mtoto hugusisha bangili yake kwenye kifaa badala ya kushika pesa. Mshirika wa kaunti ni Food4Education, shirika lililoanzishwa na mtaalamu wa lishe Wawira Njiru huko Ruiru mwaka 2012. Uzuri wa bangili si teknolojia yake. Uzuri wake ni kwamba aliyelipiwa na mzazi na aliyelipiwa na mfadhili hupanga foleni moja, na hakuna anayejua nani ni nani.

Jiko kubwa lina faida nyingine: ni rahisi kulikagua, na ukaguzi ni wa lazima. Chakula kinachopikwa kwa ajili ya maelfu kikiharibika, madhara nayo huwa ya maelfu. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu ya aflatoksini, itokanayo na ukungu, yaliua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake. Julai 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule kilichoingiwa na dawa ya kuua wadudu. Gunia lililolazwa chini kwenye sakafu yenye unyevu, au dawa ya shamba iliyowekwa stoo moja na mafuta ya kupikia, inatosha kuleta msiba. Kwa hiyo godauni kavu na mbao za kuinulia magunia ni sehemu ya lishe kama yalivyo maharage.

India hiyo hiyo, kwa upande mwingine, imetupa ushahidi wa muda mrefu kuliko nchi nyingi. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu iliamuru kila shule ya msingi ya serikali iwapatie watoto mlo uliopikwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 ulifuatilia wasichana waliokula milo hiyo hadi walipokuwa mama. Watoto wao walikuwa na uwezekano mdogo wa kudumaa kuliko watoto wa wanawake ambao hawakuipata.

Turudi jikoni, maana si kila dosari ya sahani inahitaji bajeti mpya. Nyama kila siku hatutaimudu, na sidhani kuna waziri wa fedha atakayeahidi hivyo. Omena, ambao Tanzania huwaita dagaa, wakikaushwa vizuri na kusagwa, wanaweza kuchanganywa na mchuzi wa maharage; kijiko kimoja kina chuma, zinki na B12. Maharage yakilowekwa usiku na maji yale yakamwagwa, fitati hupungua na kuni pia. Uji wa unga uliochachushwa, kama bibi zetu walivyoufanya, hukiachilia chuma zaidi kuliko uji usiochachushwa. Sukuma wiki isiyoiva kupita kiasi, nyanya, kipande cha chungwa au embe la msimu huleta vitamini C, na hiyo husaidia kukiingiza mwilini chuma cha maharage. Ipo pia mbegu ya maharage aina ya Nyota, iliyotolewa na watafiti wa kilimo wa Kenya, yenye chuma na zinki nyingi na inayoiva mapema. Shule inayonunua kwa wakulima wa jirani inaweza kuwaomba wapande hiyo.

Na ile birika ya chai ya rangi inayofuatia githeri mara tu sahani zinapokusanywa, ambayo huzuia chuma kama fitati inavyofanya, isogezwe hadi saa kumi.