Somo la Leo: Picha ya Televisheni Inapoharibika

Leo twatazama ubovu wa picha ya televisheni.

Ninyi wa Wesha mwakaa bandarini, na upepo wa chumvi hula viungo vya waya wa antena. Zamani waya ukilika, picha ilijaa chenga. Siku hizi mitambo ni ya dijitali: picha hukatikakatika vipande vya mraba, huganda, kisha hupotea.

Kwanza, fungueni orodha ya king'amuzi. Ikionekana safi, televisheni ni nzima. Huenda ubovu uko kwenye antena au waya wake. Stesheni moja tu ikikosekana, huenda ubovu uko kwao, si kwenu.

Pili, zimeni umeme, chomoeni plagi, mtazame ncha za waya. Zikiwa na kutu ya kijani, zikateni, mziunganishe upya.

Tatu, geuzeni antena kidogo kidogo, mbali na nyaya za umeme.

Lakini televisheni ya zamani, yenye kioo kizito cha tyubu, msiifungue kamwe. Hata ikichomolewa, ndani huweza kubaki umeme wa maelfu ya volti. Mwiteni fundi: fundi hulipwa, roho hailipiki.

Kwaherini.