Merikebu ya Chuma Iliyorudi Gudini

Katika mji wa Bristol, nchi ya Uingereza, iko merikebu kuukuu ya moshi iitwayo Great Britain. Haisafiri tena; imekaa gudini, na watu huja kuitazama. Aliyeibuni ni mhandisi Isambard Kingdom Brunel, ikashushwa majini tarehe 19 Julai 1843. Urefu wake wapata mita 98, na siku zile hapakuwa na merikebu kubwa kuipita.

Watu walistaajabu, maana walizoea merikebu za mbao, na hii mwili wake wote ni wa chuma. Tena haikusukumwa kwa magurudumu ya ubavuni, bali kwa rafadha iliyo tezini, chini ya maji. Mwaka 1846 ilipanda mchangani pwani ya Ireland, ikapigwa na mawimbi karibu mwaka mzima. Merikebu ya mbao ingalivunjika vipande vipande, hii ilinasuliwa. Lakini gharama ziliwafilisi wenyewe, wakaiuza.

Baadaye ilichukua maelfu ya wahamiaji kwenda Australia. Mwaka 1886 iliharibiwa na dhoruba karibu na Cape Horn, ikakimbilia visiwa vya Falkland, ikafanywa ghala. Mwaka 1937 ilitobolewa, ikaachwa katika maji haba. Ikakaa vivyo hivyo hata mwaka 1970, ndipo ufa wake mkubwa ulipozibwa (kwa magodoro!), ikapandishwa juu ya tishari, ikavutwa mpaka Bristol. Iliingia tarehe 19 Julai, katika gudi lile lile ilimoundwa.

Mgeni akishuka chini ya gudi huona dari ya vioo juu ya kichwa chake. Juu ya vioo hivyo yamemwagwa maji machache, hata mtu aliye juu hudhani merikebu inaelea. Huko chini aweza kuukaribia mkuku na kuyaona matundu yaliyoliwa na kutu. Hapo ndipo penye taabu: chumvi ya bahari imeingia ndani ya chuma, na ikipata unyevu, kutu huendelea kula. Rangi peke yake haiwezi kuizuia. Kwa hiyo mitambo huikausha hewa usiku na mchana, ikawa kama ya jangwani. Mitambo ikisimama, chuma kitaanza kuliwa tena.

Ndani ya merikebu vyumba vimetengenezwa kama vilivyokuwa zamani. Matajiri walikula katika ukumbi mpana wenye meza ndefu. Maskini walilala juu ya vitanda vya mbao, vyembamba, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Na safari ya Australia ilichukua kama siku 60.