Damu ya Majengo, Hataza ya Oxford

Mtaa wa Majengo uko Pumwani, mashariki mwa Nairobi, jirani na soko la Gikomba. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, walianza kuwapima damu wanawake wa mtaa huo waliokuwa wakiishi kwa kuuza miili. Zaidi ya nusu walikutwa na virusi vya UKIMWI. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijapatikana, na kwa wengi majibu yale yalikuwa hukumu ya kifo.

Hata hivyo hawakuikimbia kliniki. Muuguzi Elizabeth Ngugi, ambaye baadaye alikuwa profesa, aliwakusanya kwenye mabaraza, akazungumza nao kama watu wenye akili na heshima zao, nao wakaanza kufundishana matumizi ya kondomu. Walirudi mwaka baada ya mwaka, wakanyoosha mkono, wakatolewa damu. Kwa sababu ya uaminifu huo, Dk. Frank Plummer wa Manitoba na wenzake wa Nairobi waligundua jambo ambalo halikutarajiwa na yeyote: walikuwapo wanawake wachache waliokutana na virusi mara nyingi mno, na bado kila walipopimwa walikutwa salama. Habari hizo zilichapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1996.

Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Oxford, akiwamo Sarah Rowland-Jones, walipoichunguza damu ya wanawake hao walikuta askari wa kinga wenye uwezo wa kuitambua seli iliyoingiliwa na kirusi na kuiua. Hapo likazaliwa wazo la chanjo: kuufundisha mwili wa mtu yeyote kutengeneza askari wa aina hiyo, wakilenga aina A ya kirusi, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi Kenya. Oxford ilikuwa na Andrew McMichael na Tomas Hanke. Nairobi ilikuwa na Profesa Job Bwayo na kikosi chake. Fedha zilitoka kwa shirika la kimataifa la chanjo ya UKIMWI, IAVI.

Mwaka 2000, majaribio kwa binadamu yakiwa yanaanza, Wakenya wakabaini kwamba maombi ya hataza ya chanjo ile yalikuwa yamewasilishwa Uingereza bila Chuo Kikuu cha Nairobi kutajwa. Magazeti yakapiga kelele, wanasiasa wakapiga kelele, na mazungumzo yakafanyika upya hadi Nairobi ikaingizwa kuwa mmiliki mwenza. Majaribio ya Nairobi yalianza mwaka 2001. Mwaka 2004 ikatangazwa kwamba chanjo haikuamsha kinga ya kutosha, na safari yake ikaishia hapo. Profesa Bwayo aliuawa na majambazi mwaka 2007 kabla ya kuiona chanjo aliyoitafuta.

Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa chanjo ilishindwa, ugomvi ule ulikuwa wa bure. Sikubaliani nao hata kidogo. Tuseme ingefaulu. Nani angeamua itengenezwe kiwanda gani? Nani angepanga bei? Nani angekuwa na sauti ya kusema kwamba zahanati ya Pumwani ipate dozi zake sawa na hospitali za London? Jibu la maswali hayo yote ni mwenye hataza. Asiyekuwa na jina kwenye karatasi ile hubaki kuomba.

Hataza ni cheti cha serikali kinachompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake, kwa kawaida kwa miaka 20. Naye, kwa upande wake, hulazimika kuueleza uvumbuzi huo hadharani, hatua kwa hatua, ili muda ukiisha kila mtu aweze kuutumia. Wakaguzi hutazama mambo matatu: uwe mpya duniani kote, usiwe jambo ambalo fundi yeyote wa fani hiyo angelibuni tu, na uweze kutumika kiwandani, shambani au kwenye huduma. Cheti kina nguvu katika nchi ulikokiombea tu. Tanzania Bara ofisi husika ni BRELA, Kenya ni KIPI, na ukitaka kuombea nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja unakwenda kwenye shirika la kikanda la ARIPO, lenye makao yake Harare.

Sheria hii haimtambui aliyetoa damu. Humtambua aliyebuni. Mmarekani John Moore alilijifunza hilo kwa uchungu: madaktari wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitumia seli za wengu wake kutengeneza mfululizo wa seli za maabara, wakaupatia hataza mwaka 1984 bila yeye kuambiwa. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwamba daktari alikuwa na wajibu wa kumweleza mgonjwa maslahi aliyokuwa nayo yeye daktari, lakini seli zenyewe hazikuwa mali ya Moore tena. Kwa hiyo wanawake wa Majengo wasingeweza kuitegemea sheria ya hataza iwalinde. Wangelindwa na mkataba uliosainiwa kabla chupa ya damu haijapanda ndege. Ndiyo maana naona kosa la mwaka 2000 halikuanzia Oxford peke yake. Lilianza siku vyuo vya Oxford na Nairobi vilipokubaliana kufanya kazi pamoja bila kuandika ni nani atamiliki nini.

Kenya ilikutana na jambo la namna hiyo tena kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Maji ya Bogoria na Nakuru yana magadi makali, na baadhi ya maziwa hayo yana chemchemi za moto, ila ndani yake wamo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho wanaostawi humo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichukua sampuli, na kampuni ya Genencor ikapata humo vimeng'enya vya kutia kwenye sabuni na vya kuchakaza jinzi bila kuzisugua kwa mawe. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilidai mgao, likisema viumbe hao walichukuliwa bila idhini yake. Upande wa pili ulisema ulikuwa na vibali. Itifaki ya Nagoya, inayotaka mwenye rasilimali akubali kwanza na agawiwe faida, ilipitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, wakati jinzi zile zilikuwa zimeshavaliwa na kuchakaa kwa miaka mingi.

Lakini tusiwalaumu wageni peke yao. Njia iliyo rahisi zaidi ya kupoteza uvumbuzi ni kuutangaza wewe mwenyewe. Ukishauchapisha kwenye jarida, ukausomea makala kongamanoni, ukabandika bango lake ukutani au ukaiweka tasnifu yako kwenye maktaba iliyo wazi, uvumbuzi huo si mpya tena machoni pa sheria za nchi nyingi. Zipo sheria zinazotoa nafuu ya muda mfupi, hasa kwa maonyesho yanayotambuliwa rasmi, ila nafuu hizo ni finyu na haziko kila mahali.

Hata vyuo vikubwa vimewahi kuteleza hapo. Novemba 1973 Stanley Cohen wa Stanford na Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha njia ya kukata kipande cha vinasaba vya kiumbe kimoja na kukipandikiza ndani ya bakteria. Teknolojia nzima ya kutengeneza dawa kwa kutumia bakteria imejengwa juu ya njia hiyo. Hakuna aliyekuwa ameiombea hataza. Niels Reimers, aliyesimamia leseni pale Stanford, aliijua habari hiyo mwaka 1974 kupitia kipande cha gazeti. Cohen mwenyewe alisita mwanzoni, akihofu kwamba hataza haiendani na sayansi. Sheria ya Marekani inampa mvumbuzi mwaka mmoja tangu achapishe, na Reimers akawahisha ombi tarehe 4 Novemba 1974, zikiwa zimebaki siku chache tu. Ulaya hakuna mwaka huo wa nafuu, kwa hiyo haki ya huko ikapotea moja kwa moja. Kwa hataza za Marekani peke yake vyuo hivyo viwili vilikusanya zaidi ya dola milioni 250 hadi zilipokwisha muda mwaka 1997.

Sasa tazama vyuo vyetu. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa kuhesabiwa makala alizochapisha. Mwanafunzi wa uzamili hatunukiwi shahada mpaka tasnifu ikabidhiwe maktaba. Kila kitu kinamsukuma mtafiti atangaze haraka, na ni nadra kumsikia msimamizi akimwambia mwanafunzi wake: subiri kidogo, tujaze fomu kwanza. Kusubiri huko hakuui sayansi. Ombi likishapokelewa na kupewa tarehe, unaweza kuchapisha kesho yake.

Najua pingamizi linalotolewa, na lina uzito: chuo cha umma kinaendeshwa kwa kodi ya mkulima, iweje kifungie maarifa ndani ya cheti? Jibu zuri kuliko yote lilitolewa Toronto. Frederick Banting, Charles Best na James Collip walipopata njia ya kuandaa insulini, waliiuza hataza yake kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, mwaka 1923. Banting awali hakutaka hata jina lake liwemo, akiona si heshima kwa daktari kujinufaisha na dawa. Chuo kilichukua hataza hiyo ili asitokee mjanja mmoja wa kuihodhi dawa, na ili kiweze kusimamia ubora wa kila kiwanda kilichopewa leseni. Karatasi ileile tunayoiogopa ndiyo iliyotumika kuufungua mlango.

Tunao mfano ulio karibu zaidi, na kila mfugaji wa kuku wa kienyeji anaufahamu hata kama hajui chimbuko lake. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huweza kufagia kuku wa kijiji kizima kwa wiki moja. Profesa Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, aliongoza kazi ya kupata mbegu ya chanjo inayostahimili joto, iitwayo I-2, ambayo hudondoshwa jichoni mwa kuku na haiharibiki haraka kama zile zinazotaka barafu muda wote. Chuo kiliamua kuigawa mbegu hiyo bure kwa maabara za nchi zinazoendelea. Tanzania ikaizalisha kwenye maabara ya mifugo ya Temeke, ikaipa jina la Temevac. Mama wa Singida anayechanja kuku wake kwa fedha ndogo ananufaika na ukarimu wa chuo kilicho ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Lakini angalia: Queensland iligawa kwa sababu kazi ilikuwa yake. Huwezi kumgawia jirani kitu ambacho mwingine ameshakiandikisha kwa jina lake.

Na sisi tunabuni. Dk. Askwar Hilonga alizaliwa Gongali, Karatu, akasomea teknolojia ya nano Korea Kusini hadi shahada ya uzamivu, kisha akarudi kufundisha Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Maji ya ukanda ule, hasa kuzunguka Mlima Meru, yana floridi nyingi. Watoto huota meno ya kahawia, na wengine mifupa yao hupinda. Hilonga alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembe ndogo sana za nano, ambalo linaweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kilimpa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, pauni 25,000. Kilichonivutia zaidi ni alichofanya baada ya tuzo. Aliiendeleza kampuni yake aliyoipa jina la kijiji chake, akaweka utaratibu wa wajasiriamali kukodi machujio na kuuzia majirani maji safi kwa bei wanayoimudu. Mtu wa kijijini hanywi tuzo.

Kuutoa uvumbuzi maabara na kuufikisha kwa watu kuna gharama, na hilo ndilo ambalo vyuo vingi havijalikabili. Hataza ina ada ya kuomba na ada ya kila mwaka ya kuitunza, na inahitaji mtu anayejua kuandika madai yake kwa lugha ya kisheria, kwa sababu neno moja pana mno hukataliwa na neno moja jembamba mno humruhusu mshindani apite pembeni. Mtafiti hawezi kuyabeba hayo kwa mshahara wake. Chuo chenye ofisi ya miliki bunifu iliyoandikwa mlangoni, bila bajeti na bila mwanasheria, kinajidanganya. Serikali ya Tanzania nayo, kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na mashindano ya ubunifu ya MAKISATU, imefanya vizuri kuwatafuta wabunifu na kuwapa vikombe. Ingefaa zawadi ya kwanza ya kila mshindi anayestahili iwe ombi la hataza lililoandikwa na kulipiwa.

Kwa makamu wakuu wa vyuo nina ombi moja. Msisaini ushirikiano wowote wa utafiti na chuo cha nje kabla ya kuwepo ukurasa unaosema sampuli ni za nani, matokeo ni ya nani, hataza itaombwa kwa majina gani, na watu waliotoa damu, mbegu au maarifa yao watapata nini bidhaa ikifika sokoni. Nawe mwanafunzi uliye na daftari la maabara mkononi, andika tarehe kila ukurasa, mwombe mwenzako asaini kama shahidi, na uliza kwa maandishi sera ya chuo chako kuhusu umiliki wa kazi yako kabla hujaionyesha kwa mtu yeyote.