Siku za kungojea viza zala mtaji wa Mwanga

MFANYABIASHARA wa soko la Mwanga, mjini Kigoma, huijua bei ya gunia la chumvi ya Uvinza na dumu la mawese kabla hakujapambazuka. Gharama ambayo wengi hawaiandiki daftarini ni ya siku zile mtu anazokaa akingojea viza, hasa anapoiomba akiwa tayari yuko safarini katika nchi isiyo yake.

Kigoma si mji wa kawaida katika jambo hili. Ni mji wa mkoani, mbali na Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 1,200 za reli, lakini una balozi ndogo mbili, ya Burundi na ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sababu ni ya kibiashara. Reli ya Kati ilifika ziwani mwaka 1914, na mwaka 1921 Ubelgiji, iliyokuwa ikizitawala nchi hizo, ilikubaliana na Uingereza kupatiwa sehemu yake ya bandari hapa na Dar es Salaam. Tangu hapo shehena za Bujumbura, Uvira na Kalemie zimekuwa zikipita Kigoma, na penye shehena hapakosi karani wa kugonga mihuri.

Kwa Mtanzania mambo yamekuwa mepesi. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kukaa katika nchi nyingine hadi miezi 6 kwa kibali cha matembezi kisicholipiwa. Kongo ikawa mwanachama kamili tarehe 11 Julai 2022. Wazee wa Mwanga wanaokumbuka Julai 1996, nchi jirani zilipoiwekea Burundi vikwazo vilivyodumu hadi Januari 1999, wanajua kwamba wakati ule hata mwenye viza safi mkononi hakuwa na mzigo wa kupeleka.

Tatizo lililobaki ni la mgeni asiye raia wa Jumuiya: mnunuzi wa dagaa aliyetoka kusini mwa ziwa, au mtalii aliyemaliza kuwaona sokwe wa Gombe na sasa anataka kuvuka kwenda Kalemie. Huyu huamini kwamba ubalozi ni ubalozi, popote ulipo. Sivyo. Balozi nyingi hutaka mwombaji aombe katika nchi anamoishi, wala si anamopita. Kongo inajulikana kwa msimamo huo, na mara nyingi hudai pia barua ya mwenyeji iliyothibitishwa na idara yake ya uhamiaji, DGM. Barua hiyo haipatikani kwa siku moja, na anayeahidi kuipata kwa siku moja aogopwe.

Hesabu ya kungoja

Chukua mfano wa mnunuzi mwenye mtaji wa shilingi 3,000,000 aliokopa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Riba yake ni shilingi 300,000, yaani shilingi 10,000 kila siku. Akingojea viza siku 4, riba ni 40,000. Gesti ya shilingi 20,000 kwa usiku inakuwa 80,000, na chakula cha 10,000 kwa siku kinakuwa 40,000. Jumla 160,000, zaidi ya asilimia 5 ya mtaji wote, na hapo ada yenyewe ya viza haijatajwa. Akiwa amepewa viza ya kuingia mara moja tu, kisha akarudi Kigoma kuongeza mzigo, anaanza foleni upya.

Wapo wanaotaka kupunguza gharama kwa kuchagua aina ya viza iliyo rahisi. Tanzania imekuwa ikitoza dola 50 kwa viza ya kawaida ya matembezi na dola 250 kwa viza ya biashara. Mgeni anayekuja kununua shehena kwa karatasi ya utalii ameokoa dola 200 na kuuweka mzigo mzima rehani, kwa kuwa ofisa uhamiaji akimkuta bandarini akisimamia upakiaji ana haki ya kumzuia. Wenye maduka wanaompokea mnunuzi wa namna hiyo kwa malipo ya baadaye wajue kwamba deni lao limekaa pabaya.

Waongozaji watalii nao wasichanganye. Viza moja ya utalii ya dola 100, iliyoanzishwa na Kenya, Uganda na Rwanda mwaka 2014, haimwingizi mtu Kigoma.

Somo kutoka Hong Kong

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki waliwahi kulijua jambo hili kwa uchungu mbali zaidi. Watanzania huingia Hong Kong bila viza, na kwa miaka mingi wengi walifikia jengo la Chungking Mansions, wakaomba viza ya China papo hapo, kisha wakavuka kwenda Guangzhou kununua nguo na simu. Mwaka 2008, karibu na michezo ya Olimpiki ya Beijing, masharti yalikazwa. Aliyekuwa amelipia nauli na kubeba dola zake alijikuta ana soko upande wa pili wa daraja na hana ruhusa ya kuvuka. Tangu Septemba 2013 China imetenga viza ya biashara, herufi M, na ya utalii, herufi L. Anayetoka Mwanga kufuata bidhaa huko ni heri aombe Dar es Salaam kabla ya kulipa amana yoyote kwa wakala.

Anayeombea Kigoma naye aje na pasipoti yenye uhai wa miezi 6 au zaidi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na noti za dola zisizochanika wala kuandikwa kalamu, kwani noti chakavu hukataliwa mara kwa mara. Aitazame pia kalenda. Sikukuu ya uhuru wa Kongo ni tarehe 30 Juni, ya Burundi 1 Julai, na Saba Saba ya Tanzania huja siku 6 baadaye. Anayefika mjini wiki ya mwisho wa Juni aongeze siku mbili au tatu katika bajeti ya gesti.