Uteuzi wa Uwiano wa Mgandamizo na Sehemu za Mfumo wa Valvu katika Ukarabati wa Injini Inayopozwa kwa Hewa

Katika ukarabati wa injini zinazopozwa kwa hewa, uwiano wa mgandamizo na sehemu za mfumo wa valvu huchaguliwa mara nyingi kana kwamba havihusiani. Makala hii inatetea hoja kwamba uteuzi huo ni uamuzi mmoja, na kwamba kuutenganisha hufupisha maisha ya injini. Mfano unaotumika ni injini ya Volkswagen Beetle yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,584.

Silinda ya injini hiyo ina kipenyo cha milimita 85.5, na pistoni husafiri milimita 69. Hivyo kila silinda ina ujazo wa sentimita 396. Chemba ya kichwa cha silinda ikiwa ya sentimita 50, na pistoni ikikoma milimita 1.5 chini ya ukingo wa silinda, nafasi inayobaki ni sentimita 58.6, na uwiano huwa 7.8 kwa 1. Pengo hilo likipunguzwa hadi milimita 1, uwiano hupanda hadi 8.1; chemba nayo ikipunguzwa hadi sentimita 46, hufikia 8.7. Kwa nadharia ya mzunguko wa Otto, kupanda kutoka 7.8 hadi 8.7 huongeza ufanisi kwa takriban asilimia 3 tu.

Faida hiyo ndogo huambatana na joto zaidi. Feni ya injini hii huzungushwa kwa mkanda unaotoka kwenye krenkishafti. Gari linapopanda mlima polepole likiwa na mzigo, hewa hupungua wakati ambapo joto linaongezeka. Petroli yenye oktani ndogo huweza kulipuka kabla ya wakati, na valvu ya kutolea moshi ndiyo huathirika mapema.

Hapa ndipo kamshafti inapohusika. Kamshafti inayochelewa kufunga valvu ya kuingizia hewa huruhusu sehemu ya mchanganyiko kurudi nyuma katika mwendo mdogo, na hivyo hupunguza mgandamizo halisi. Kwa sababu hiyo, uwiano wa 8.7 pamoja na kamshafti ya kiwandani ni hatari kuliko uwiano huohuo pamoja na kamshafti ya muda mrefu. Kinyume chake, kamshafti ya muda mrefu yenye uwiano mdogo huidhoofisha injini katika mwendo wa chini.

Kanuni hiyohiyo hutawala sehemu nyingine. Springi nzito huhitajika kwa mizunguko mingi pekee. Kwingineko hulisha tapeti na kamshafti uchakavu. Fito za kusukumia za alumini hutanuka karibu sawa na injini, ilhali za chuma cha pua au cha kawaida hutanuka kidogo, hivyo mwanya wa valvu huongezeka injini inapopata moto.

Kwa hiyo, mpangilio unaofaa huanza na matumizi ya gari na petroli inayopatikana, hufuatiwa na kamshafti, kisha uwiano, na mwisho springi na fito. Chemba zote nne zipimwe kwa kimiminika kabla ya kuunganisha injini, kwani silinda moja yenye uwiano mkubwa kuliko nyenzake hutosha kuiharibu injini nzima.